Gurudumu Lililompita Ochola

Migori,
Jumamosi alasiri

Atieno nyathina, mwanangu,

Ukirudi kutoka kanisani utaiona pikapu yako kabla hujaiona barua hii. Utaikuta imeinuliwa juu ya mawe upande wa mbele kushoto, haina gurudumu, na zile rimu nyeusi unazozipenda nimeziegemeza ukutani. Najua utakasirika. Najua hata utakavyonyamaza, maana ukikasirika unanyamaza kama mama yako. Naomba unyamaze hivyo hivyo, uingie ndani, ukae kwenye kiti changu na usome mpaka mwisho, ndipo uje unitafute. Nitakuwa nyuma ya nyumba.

Nimeshika spana siku ya Sabato. Tangu nibatizwe sijawahi. Asubuhi niliwaambia goti linaniuma, nendeni mkaombewe safari bila mimi. Goti haliniumi. Nilikaa nikasubiri mpaka niliposikia wimbo wa kwanza, nikajua mmeshaketi, nikatoa jeki.

Sitakuandikia mambo ya kula na kulala. Wewe ni mtu mzima. Umetibu ng'ombe wa watu Uriri nzima, umelala kwenye maboma ya Ogwedhi ukingoja ndama atoke. Hiyo kazi ya Mbita umeipata kwa mikono yako, na pikapu ni yako, wala hukuniomba hata mafuta. Mambo ya nyumba mama yako ameshakuambia mara tatu. Mimi nina jambo moja tu, na nimelificha tangu ulipokuwa darasa la pili. Ningekuwa nimenyamaza tu, pengine ingekuwa nafuu. Lakini sikunyamaza. Nililificha kwa kumpaka mtu mwingine matope, na wewe nikakutumia kuyapaka.

Lakini kwanza, Jumanne. Uliingia hapa ukipiga honi tangu barabarani. "Baba, toka nje uone!" Nikatoka. Pikapu ilikuwa imesimama juu kama gari la mheshimiwa, rimu zinang'aa, na mama yako anaizunguka akishika shavu. Halafu ukairudisha nyuma uiweke kivulini, ndipo nikasikia. Tik. Kimya kidogo. Tik. Mbele kushoto. Wewe hukusikia, redio ilikuwa juu.

"Nani alikufungia hizi rimu?" nikauliza.

"Vijana wa Kisumu, Baba. Wana mashine za kisasa. Zimeingia zenyewe, hawakulazimisha kitu."

"Walipima?"

Ukacheka. "Boliti sita, mashimo sita. Wapime nini tena?"

Maneno hayo niliwahi kuyasikia, Atieno. Yalitoka kinywani mwangu, karibu neno kwa neno. 

Na sikusema kitu. Jumatano sikusema kitu. Alhamisi ukamchukua mama yako mkaenda Ogwedhi sokoni kutafuta mbuzi wa kukuaga, nikawapungia mkono. Tangu saa saba nilisimama mbele ya gereji nikitazama barabara, mpaka mlipotokea karibu saa kumi na moja, na mlipofika nilijifanya nakunywa chai. Nilikuwa najua, na niliwaacha mwende. Kusema kungenilazimu kueleza nilijuaje, na hilo ndilo lililonifunga mdomo, likashinda hata upendo wangu kwenu ninyi wawili. Sina namna nzuri ya kuliandika.

Baba yako mdogo Ochola unamjua kama mzee wa mkongojo anayekaa Karungu, mtu asiyepanda gari hata umbembeleze. Kwenye mazishi ya nyanya yako alikuja nyuma ya bodaboda, mguu mmoja unaning'inia, na gari la familia likampita likiwa na viti vitupu. Ulipokuwa mdogo uliniuliza ule mguu ulifanywa nini, nikakujibu aliendesha vibaya. Nilipokuwa nakufundisha kuendesha, kila ulipokanyaga mafuta nilikuambia, "Usiendeshe kama baba yako mdogo." Ukaona ni mzaha wa nyumbani. Ukiwa sekondari, siku moja ukaurudia mbele yake, ukicheka, hukuwa na nia mbaya. Ochola alinitazama kidogo tu. Halafu akakuambia, "Baba yako anasema kweli."

Hakuwa dereva mbaya. Nimepanda magari ya watu wengi, na sijaona mtu aliyejua barabara kama yeye. Alikuwa akibeba omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Homa Bay kuja huku, safari tatu kwa wiki, na hakuwahi kugonga hata kuku. Shida yake ilikuwa moja: aliniamini.

Alikuja kwangu Ijumaa moja na rimu nne pana alizozitoa kwenye gari lililovunjwa. Alizitaka kwa sababu tairi pana lingemsaidia kwenye matope ya ufukweni. Akaziweka chini, akaniambia, "Omera, kaka yangu, nifungie hizi leo. Jumapili nina mzigo."

Sasa nikueleze kidogo kazi, maana utaihitaji. Babu yako Mwita, baba wa mama yako, ndiye aliyenifundisha kule Ntimaru kabla sijathubutu hata kumtazama binti yake. Alinilazimisha kupima vitu vitatu kwenye kila rimu, hata iwe ni ile niliyoivua dakika tano zilizopita. Cha kwanza ni duara la boliti. Zikiwa sita, unapima kutoka katikati ya moja mpaka katikati ya ile inayoitazama, kwenye gari na kwenye rimu, na vipimo viwe kimoja. Mashimo sita kwa boliti sita si kipimo, hiyo ni kuhesabu tu. Cha pili ni tundu kubwa la katikati. Linatakiwa likumbatie habu, kile kichwa cha chuma kinachobeba gurudumu, bila mwanga kupita. Cha tatu ni mahali nati inapokalia. Kuna nati iliyochongoka kama faneli, na kuna nati bapa yenye washa, ile pete ya chuma, na kila rimu imechongewa ya kwake. Ukiweka iliyochongoka kwenye kikalio cha bapa, inagusa kwa ukingo tu. Itakazika vizuri. Utaona kama imeshika. Kisha barabara inaanza kuilegeza kidogo kidogo.

Siku ile nilipima cha kwanza, kikawa sawa. Cha pili nilikiona kwa jicho: kulikuwa na nafasi, ukucha wangu ulipita pande zote. Cha tatu sikukiangalia. Nilichukua nati zake za zamani, zile zilizochongoka, nikazikaza kwenye rimu iliyotaka bapa.

Utauliza kwa nini, mtu aliyefundishwa na Mwita. Jua lilikuwa linazama. Sabato ilikuwa inaingia, na mimi nilikuwa shemasi mpya, nyumba ya mzee wa kanisa iko ng'ambo ya barabara, na sikutaka anione na grisi mikononi jua likishazama. Hiyo tu. Nilikuwa naogopa macho ya mzee mmoja.

"Zitakaa, omera?" Ochola akauliza.

"Zimeingia zenyewe," nikamwambia. "Boliti sita, mashimo sita."

Akanishukuru. Hata alinishukuru mara mbili.

Jumapili alinipigia simu nikiwa mezani na wageni wa kanisa. Alikuwa amesimama Rodi Kopany, pikapu tupu, anashuka Homa Bay kuchukua mzigo. Nilisikia kelele za sokoni nyuma yake.

"Usukani unatetemeka," akasema.

"Ni balansi. Kaza nati uende, Jumatatu nitaiweka sawa."

"Nilikaza Rongo. Zimelegea tena."

Nilisimama na simu sikioni. Wageni walikuwa wakicheka kitu alichosema mama yako. Ninaweza kukuonyesha hata leo mahali nilipokuwa nimesimama kwenye ile nyumba ya zamani, kati ya kabati na dirisha. Nati ikilegea mara moja, unaweza kusema fundi hakukaza vizuri. Ikilegea mara ya pili ndani ya safari moja, kuna kitu hakikai. Nilijua hilo. Sikuwa nashuku, nilijua. Ningemwambia aiache pikapu pale pale kando ya soko, nimfuate na nati zinazofaa, ingekuwa saa mbili za usumbufu na aibu kidogo.

"Kaza tena," nikamwambia. "Enda polepole."

"Sawa," akasema. Alikuwa mdogo wangu. Maisha yake yote aliniambia sawa.

Unaijua ile barabara inavyoanza kuteremka ukielekea Homa Bay, ziwa linapoonekana mbele. Ochola alinisimulia mara moja tu, na mimi nakusimulia mara moja. Hakuwa kwenye mwendo wa kasi. Mtetemo uliacha ghafla, usukani ukawa mwepesi, laini kabisa, akadhani nati zimejikalia vizuri. Aliniambia hata alipumua. Halafu akaliona gurudumu lake mwenyewe likimpita upande wa kushoto, limesimama wima, linakwenda peke yake mbele ya gari kama kitu kinachojua kinakokwenda. Anasema kwa muda kidogo pikapu ilikuwa bado haijaanguka, na yeye alikaa pale akilitazama.

Kando ya barabara kulikuwa na mama anauza viazi vitamu. Aliitwa Mama Peres, kwa jina la binti yake mdogo aliyekuwa nyumbani siku hiyo. Alikuwa ameipa barabara mgongo, anapanga viazi vyake mafungu. Ochola alipiga honi. Aliishikilia honi mpaka pikapu ilipoinama na kuingia mtaroni. Yule mama aligeuka, lakini aligeuka akatazama gari, si gurudumu.

Alifia pale.

Nilimkuta Ochola hospitali, nyonga imevunjika, uso umevimba. Nilikuwa nimemletea soda. Askari alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda na daftari.

"Magurudumu haya nani alifunga?" akauliza.

Ochola alinitazama. Nilikuwa nimeshika ile soda. Nilikuwa na dakika nzima ya kusema, Atieno, labda zaidi. Nakumbuka chupa ilivyokuwa baridi.

"Mimi mwenyewe," Ochola akasema.

Askari akaandika, akafunga daftari, akaenda. Ndipo Ochola akaniambia kwa sauti ya chini, "Wewe una watoto. Mimi sina." Na kweli hakupata baadaye. Msichana aliyekuwa amemchumbia hakungoja. Ochola alifungwa, akatoka, nyonga ikawa imeunga vibaya. Mimi nikabaki na gereji, na ushemasi, na ninyi. Niliziona zile rimu zimelala uani kwa polisi, mashimo ya boliti yametanuka yakawa na umbo la yai. Mtu yeyote wa kazi hii angezitazama mara moja akajua. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujipeleka.

Sikiliza nilichojifunza, maana si kile utakachodhani. Nilidhani uongo ungenilemea, kwamba ningekosa usingizi. Nililala vizuri. Hilo ndilo linalonitisha. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nimeanza kukumbuka kwamba Ochola kweli alikuwa na haraka. Baada ya miaka mitatu nilikuwa namhubiri kwa vijana wa gereji kama mfano wa dereva mzembe. Na ulipofika umri wa kushika usukani, nilikuwa karibu naamini. Sikuwa naigiza nilipokuambia usiendeshe kama yeye. Nilikuwa nimesahau kwamba ni mimi.

Mpaka Jumanne, ile tik.

Leo nilipoinua pikapu yako, kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa unga wa kijivu kuzunguka nati, laini kama poda. Ule ni rimu inayojisaga. Nati ya kwanza ilikuwa imeshika. Ya pili ilitoa sauti kidogo tu kwenye spana. Ya tatu, Atieno, niliigeuza kwa vidole. Nikaiacha, nikakaa chini kwenye nyasi. Kanisani mlikuwa mnaimba tena. Nati zote zimechongoka, na rimu inataka bapa. Tundu la katikati ni kubwa kuliko habu, ukucha unapita pande zote. Boliti mbili meno yameliwa kabisa. Ni kana kwamba mtu amekwenda kuifungua Ijumaa ile akaifunga upya kwenye gari lako.

Nimepiga hesabu, kazi ndiyo iliyonifundisha. Ungetoka alfajiri na mizigo yako yote nyuma. Rongo ungefika. Rodi pengine ungefika. Mbita usingefika.

Kwa hiyo nimekurudishia rimu zako za chuma, zile mbaya ulizokuja nazo nyuma ya pikapu, pamoja na nati zake za asili, magurudumu matatu. La nne linangoja boliti mbili mpya. Mwenye duka ni muumini mwenzetu, atafungua kesho asubuhi, na nitakuwa mlangoni kwake. Hutaondoka alfajiri. Wapigie simu huko Mbita uwaambie utachelewa.

Na kesho hutakaa ndani ukingoja niseme tayari. Tepu iko juu ya meza, karibu na barua hii. Utapima mwenyewe vitu vyote vitatu, kila gurudumu, hata kama mimi nimeshapima. Usiniamini kwa sababu mimi ni baba yako. Ochola aliniamini kwa sababu mimi ni kaka yake. Ukifika Rongo usimame, ukaze tena. Ukikuta hata moja imelegea, hapo ndipo safari imeishia, hata kama kuna ng'ombe anakufa huko unakokwenda, hata kama ni mimi nakuambia kaza uende.

Saa sita mchana nilimpigia Ochola. Sijui kama alikuwa anakula, alichukua muda kupokea. Nikamwambia gari la Atieno lina shida ile ile. Hakuuliza shida gani.

"Umeivua?" akasema.

"Nimeivua. Na ninamwandikia. Namwandikia yote."



"Atapita pale?" akauliza.

"Atapita. Ndiyo njia yake ya Mbita."

"Nilidhani utakufa nalo," akasema. Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. "Nilikuwa nimeshalizoea, omera. Nilikuwa nimeshapanga nife nikiwa ndiye niliyefunga lile gurudumu."

Nikamuomba msamaha. Akasema hilo tutazungumza tukikutana, sasa hivi kuna mtu mbele yake kwenye foleni. Nikauliza foleni gani, akaniambia ya kumtumia pesa yule mtoto, Peres. Amekuwa mwanamke sasa, ana kibanda pale pale mama yake alipokuwa akikaa. Ochola amekuwa akimtumia chochote anachopata tangu alipotoka jela, na Peres anapokea, lakini hajawahi kumjibu salamu. Kisha akaniambia jambo lingine. Wajomba wa Peres wanakaa ng'ambo ya barabara. Wao ndio waliomwokota dada yao kando ya barabara. Ochola alikwenda mara moja kuwapa pole, wakamfukuza kwa mapanga, na wakamwambia wanajua dereva hafungi magurudumu yake mwenyewe, kuna fundi mahali fulani, na siku moja atapita.

"Kwa hiyo hawajasahau," nikasema.

"Wasahau nini?" Ochola akaniuliza.

Atieno, mama yako hajui hata neno moja la haya. Nitamwambia leo, kabla ya chakula, na sijui kama tutakula. Nilimsikia babu yako Mwita akimfundisha akiwa msichana mdogo kwamba fundi anayeficha kosa lake ni mwuaji anayengoja. Aliolewa nami akidhani anaolewa na mwanafunzi bora wa baba yake.

Kesho uniachie kiti cha mbele. Sitazungumza sana njiani. Tukipita Rodi na barabara ikianza kuteremka, nenda gia ya pili, utakiona kibanda upande wa kushoto. Nishushe mbele yake. Sitachukua mtu wa kanisa wala chifu wa kunisindikiza, ningeonekana nimekuja na ngao. Nitamwambia Peres jina langu na nitamwambia nilichofanya, na kile askari alichoandika kwenye daftari lake kitabidi kiandikwe upya. Baada ya hapo sijui. Labda atasikiliza. Labda wajomba zake watafika kabla sijamaliza.

Usizime injini. Usishuke kuniaga wala kunikumbatia, hawatakiwi kukujua uso. Ukiona kwenye kioo watu wanavuka barabara, endelea kwenda. Mbita kuna watu wanakungoja na wanyama wagonjwa, na ile ni kazi safi. Ukisikia sauti yangu nyuma yako, mwanangu, usirudi, hata kama ninaliita jina lako.

Baba yako.